Bila Marekebisho

Nilikuwa na mwandiko mzuri. Sijisifu, maana mwandiko huo ndio ulionipa kazi na ndio ulionipa aibu ninayoisimulia hapa. Shuleni misheni mwalimu alizoea kuliinua daftari langu ili darasa zima lilione, nami nikakaa pale mbele na uso wa unyenyekevu wa uongo. Nilipomaliza darasa la nane, Uhuru ukiwa bado mchanga, ofisi ya tarafa yetu ilikuwa inatafuta karani. Wavulana wawili waliofanya usaili pamoja nami walinishinda kwa hesabu. Katibu tarafa alizitazama karatasi zetu tatu, akaweka kidole kwenye yangu, akasema, "Huyu."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye dirisha dogo la mbao, kando ya barabara ipandayo kuelekea Mtae. Mwezi wa sita na wa saba ukungu uliingia ndani bila kubisha hodi, karatasi zikanywea, na wino ukasambaa kama hukuwa mwangalifu. Niliandika nimevaa masweta mawili. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua, kupanga majalada, kugonga mihuri, na zaidi ya yote kuandika mihtasari ya mikutano kwa nakala tatu, moja ibaki kwetu, mbili ziende juu.

Nilikuwa naishi kwa baba mkubwa, kaka wa baba yangu. Baba alifia kwenye mashamba ya mkonge huko chini tambarare nikiwa mdogo mno kumkumbuka, na baba mkubwa akanichukua kama mtu anavyochukua mzigo ulioanguka njiani, bila maneno mengi. Usidhani alikuwa mzee wa busara wa kwenye vitabu vya shule. Alisahau ahadi, alipenda pombe ya miwa, na wazee wa kanisa walikwishamtenga na kumketisha nyuma ya mabenchi mara mbili kwa sababu hiyo. Ila alikuwa na jambo moja alilolijua kuliko mtu yeyote pale kijijini, nalo ni maji.

Juu ya kijiji chetu kulikuwa na msitu mdogo, na ndani ya msitu chemchemi. Kutoka hapo mfereji ulishuka ubavuni mwa mlima ukanywesha maharage, magimbi na kabeji za watu wote, ukoo mmoja leo, mwingine kesho. Baba mkubwa ndiye aliyepanga zamu. Hakuajiriwa na mtu, hakuwa na cheti wala kofia ya kazi. Alfajiri alipita na jembe begani, akafungua hapa kwa bonge la udongo, akaziba pale, na watu waliokuwa wakigombana jana walinyamaza kwa sababu maji yameshakwenda alikoyapeleka yeye.

Tangu siku niliyoanza kazi aliniita Serikali. Nikitoka chumbani asubuhi na masweta yangu mawili, yeye akiwa jikoni anaota moto, alivua kofia yake ya sufu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Serikali."

Asiyejua kwetu hataona kichekesho. Mzee kumwamkia mtoto shikamoo ni jambo la kumtia mtoto laana, au angalau la kumfanya atamani ardhi ipasuke. Nilikuwa najiziba masikio na kukimbilia nje. "Siitikii, baba mkubwa! Siitikii!" Mama mkubwa, mkewe, alimkemea kila mara. "Mgosi wewe, mzee mzima, utamharibia mtoto." Naye alicheka mpaka akakohoa. Asubuhi karibu zote za ujana wangu zilianza hivyo, na sikuwahi kuitikia.

Mwaka wa pili wa kazi nilipelekwa mjini Lushoto kwenye semina ya wiki moja. Tulifundishwa maana ya kuwa mtumishi wa umma, tofauti ya serikali ya mkoloni na serikali yetu, na kwa nini sasa tuitane ndugu. Mkufunzi aliandika ubaoni nasi tukanakili: mtumishi wa umma ni mtu aliyepewa dhamana na wananchi ili awatumikie. Nilinakili kwa herufi za kulala, nikaipigia mstari kwa rula. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, na jioni ile ile nikamsomea baba mkubwa daftari zima.

Alisikiliza huku akimenya gimbi. Kisha akauliza, "Mtumishi na mtumwa, yupi anatumwa?"

Nikamweleza kwamba mtumwa ni mambo ya zamani, mtumishi ni mtu huru.

"Huru sawa. Lakini anatumwa na nani?"

"Na wananchi. Na wewe, baba mkubwa."

"Aa." Akala gimbi lake kidogo. "Yule bwana shamba Mzungu aliyekuja na matuta yake, nilijua ametumwa na nani. Zumbe naye, chifu wetu, alipotusukuma tukalime hayo matuta, nilijua anamwogopa nani. Nyinyi mnasema nimewatuma mimi. Basi siku nikiwatuma mkakataa, nitakwenda kuwashitaki kwa nani?"

Nikapekua daftari, lakini mkufunzi hakulifikia swali hilo. Ndipo akanisimulia habari ya matuta, ambayo kila mtu mzima wa milimani kwetu anayo ya kwake. Mkoloni alitaka watu wachimbe matuta miteremkoni kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Watu wakaona ni kazi ya kuwaua na mashamba yanazidi kupungua. Barazani baba mkubwa alisimama akamwambia yule Mzungu usoni kwamba matuta yake ni kubana shi. Haya ni maneno mazito ya Kishambaa. Kubana ni kuvunja, kuharibu. Shi ni ardhi, lakini si ardhi peke yake. Ni ardhi na mvua yake na mavuno yake na watu kukaa juu yake kwa salama. Akishutumiwa mtu kwamba anabana shi, ameambiwa anafukuza mvua.

"Mkalimani akamwambiaje Mzungu?" nikamuuliza.

"Alimwambia mzee huyu anasema udongo wa juu ni mwembamba." Akacheka. "Mzungu akaandika, akaitikia kwa kichwa. Waliokataa jembe walifungwa. Mimi niliyesema maneno yale nikarudi kulala kwangu."

Niliona kichekesho tu. Tena nilimdharau yule mkalimani kwa kutafsiri vibaya.

Baada ya miaka miwili hivi likaja agizo la mashamba ya pamoja. Kila kijiji kiwe na shamba la ujamaa, na liwe shamba la kuonekana, si kipande cha kufichwa nyuma ya choo cha mtu. Kwetu milimani ardhi ni ya kubanwabanwa, kila ngazi ya mlima ina mwenyewe, kwa hiyo bwana shamba alihangaika. Alikuwa kijana wa mikoa ya mbali, mpole, mwenye mafua yasiyokwisha kwa sababu ya baridi yetu. Akauona msitu mdogo wa chemchemi. Udongo mweusi, hauna mwenyewe, unaonekana kutoka barabarani. Akauandika kwenye karatasi yake.

Katibu tarafa alijua kwamba msitu ule hauguswi. Alikuwa Mshambaa kama sisi, wa upande wa Rangwi, na kwao pia kuna misitu ya namna hiyo isiyoguswa. Alikaa na ile karatasi siku tatu, akiitoa na kuirudisha chini ya kitabu cha mahudhurio. Siku ya nne akaniambia niandike tangazo la mkutano.

Tulikutana kwenye uwanja wa shule. Niliketi mezani pembeni mwa wakubwa, daftari wazi, kalamu mbili. Bwana shamba alieleza, katibu tarafa akaeleza tena yale yale, wajumbe wa nyumba kumi wakapiga makofi. Baba mkubwa akainua mkono. Alikuja na kanzu yake ya kanisani, nami nikajua amejiandaa. Alizungumza kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha milimani.

"Mimi sikatai ujamaa," akasema. "Kulima pamoja tumelima tangu mababu. Shamba tafuteni, hata kwangu mtakata kipande. Lakini ule msitu ndio kichwa cha maji. Mkikata miti ile, huko si kulima. Huko ni kubana shi. Nilimwambia Mzungu, na nyinyi wanangu nawaambia vile vile."

Akaketi. Watu wakaguna ule mguno wa kukubali, wa chini kwa chini. Na mimi nikabaki na kalamu hewani.

Muhtasari uliandikwa kwa Kiswahili sanifu. Kishambaa hakikuruhusiwa kuingia. Maneno kubana shi niyaandike vipi? Udongo? Hapana, nilikuwa nimemcheka mkalimani kwa huo udongo. Ardhi? Ardhi ni ya kupimwa kwa kamba, haina mvua ndani yake. Nikalitafuta neno lenye yote, lenye ardhi na mvua na mavuno na watu, kama lile tulilolisikia kwa mchungaji akihubiri habari za nchi kuzaa na nchi kukauka. Nikalipata. Nikaandika, kwa ule mwandiko wangu wa kuinuliwa darasani: Mzee huyo alisema kwamba mpango huu wa serikali ni kuharibu nchi.

Maneno "wa serikali" niliyaongeza mwenyewe, sentensi ikae vizuri. Mwishoni nikaweka alama ya nukta, nikafurahi. Niliona nimemtendea haki baba mkubwa kuliko alivyotendewa na yule mkalimani wa zamani.

Nakala mbili zikaenda juu. Wiki ya pili afisa mmoja akaja kwa gari, mtu nadhifu ambaye sikupata kumwona kabla ya hapo wala baadaye. Muhtasari wangu ulikuwa mkononi mwake, na ile sentensi ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu. Aliniita ndugu karani. Aliniuliza kama ni mimi niliyeandika.

"Ni mimi."

"Mwandiko mzuri. Mzee huyu alisema maneno haya?"

Katibu tarafa alikuwa amesimama dirishani akitazama nje, na nje hapakuwa na kitu ila ukungu. Nikasema, "Alisema. Lakini kwa Kishambaa maneno yale—"

"Sikuulizi Kishambaa. Nakuuliza karani wa serikali. Hapa umeandika kweli au umeandika uongo?"

Nimelirudia swali lile maisha yangu yote, na kila mara nina jibu zuri. Ningesema, nimeandika kosa. Maneno mawili. Lakini karani aliyeandika kosa kwenye muhtasari uliokwenda juu ni karani wa namna gani, na wavulana wawili wenye hesabu walikuwa bado hawajapata kazi. Niliogopa, na chini ya woga kulikuwa na kitu kibaya zaidi: niliupenda ule mwandiko. Nikasema, "Nimeandika kweli."

Walimchukua baba mkubwa keshokutwa yake asubuhi. Walikuja watu wawili na Landrova, wakamkuta mferejini anaziba maji ya zamu iliyokwisha. Aliomba amalize. Walimwambia maji yatajiziba. Mama mkubwa aliniletea habari ofisini huku ameshika lile jembe, tope bado bichi kwenye makali yake, maana hakujua aliweke wapi.

Sikumficha. Usiku huo nilimwambia kila kitu: nchi, afisa, kweli na uongo. Alichochea moto. Kisha akasema kwa Kishambaa maneno ambayo kwa Kiswahili ni, basi wewe ndiye unayejua mlango wake, kamtoe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikaandika barua ya kueleza maana ya neno. Kurasa mbili. Katibu tarafa aliisoma yote, akaikunja, akaitia kwenye saraka ya meza yake. "Muhtasari hausahihishwi kwa barua, binti," akaniambia kwa upole. "Unasahihishwa mkutanoni. Ngoja mkutano ujao. Kwenye kuthibitisha, watu wataulizwa kama kuna marekebisho. Hapo ndipo penyewe." Nilimwona kama amenifungulia dirisha. Nikangoja wiki sita, kila siku nikiyapanga maneno yangu.

Mkutano ukafika. Uwanja ule ule, meza ile ile, na safari hii kulikuwa na wageni kutoka mjini. Nilisimama nikausoma muhtasari uliopita kwa sauti, mpaka na ile sentensi. Nilipoisoma watu hawakuguna. Wajumbe walitazama vidole vya miguu yao. Mwenyekiti akasema, "Ndugu wananchi, kuna marekebisho?"

Sasa, karani hazungumzi mkutanoni. Karani husoma na kuandika. Asemaye ni mjumbe au mwananchi. Nilijua hivyo, na nilijua pia kwamba hakuna sheria iliyonifunga mdomo siku ile. Nilimtazama katibu tarafa. Alinitazama, kisha akaangalia saa yake. Nikawatazama watu, nikidhani labda mmoja wao, hata mmoja tu wa wale aliowapa maji miaka yote, angeinuka na kusema mzee hakumaanisha hivyo. Nao walikuwa wananitazama mimi, msomi wao, mtoto wa nyumba yake. Tukangojana hivyo. Mwenyekiti akasema, "Haya, tuendelee."

Nikaketi. Mkono wangu ukaandika wenyewe, kama ulivyozoea: Muhtasari wa mkutano uliopita ulithibitishwa bila marekebisho.

Msitu ukakatwa mwaka huo. Miti mingine ilikuwa mikubwa hata ikaachwa kulala pale pale ilipoanguka. Kabeji za kwanza za shamba la pamoja zilikuwa nzuri, watu wakapigwa picha nazo. Msimu wa pili mvua iliushusha ule udongo mweusi mpaka barabarani, na kiangazi mfereji ukawa unatoa maji kama mtu anayekojoa kwa shida. Zamu zikavurugika, ndugu wa tumbo moja walipigana kwa majembe. Bwana shamba alikuwa amekwisha kuhamishwa, na mafua yake. Taarifa ya mafanikio ya shamba niliiandika mimi, nakala tatu.

Mama mkubwa alikuja ofisini kila Jumatatu kuuliza habari za mumewe. Tulilala nyumba moja, lakini hilo aliliulizia ofisini, kwa kuwa aliamini nyumbani mimi ni mtoto na ofisini ni serikali. Alikaa kwenye benchi na wengine, akangoja foleni, akafika dirishani. Nikamjibu kama nilivyoagizwa kuwajibu wote: suala linashughulikiwa. Alisema ahsante, akaondoka kwenda kuchuma mboga. Jioni tulikula pamoja bila kuligusa jambo hilo.

Katika foleni hiyo ndipo wazee walipoanza kuniamkia. Mwanzoni alikuwa mzee mmoja mwenye shida ya shamba lake. Alifika dirishani akasema shikamoo, macho chini. Nikamwambia, babu, ni mimi ninayekuamkia wewe. Akarudia, kana kwamba hakusikia. Wakafuata wengine. Walikuwa wamejua kwamba sentensi moja ya binti huyu inaweza kumpeleka mtu ndani. Nilikataa mara nyingi. Halafu nikachoka kukataa, foleni ilikuwa ndefu. Nikawa naitikia harakaharaka, nikigonga muhuri.

Masika mawili yalipita. Siku moja karibu na saa tisa mtoto wa jirani akaja kuniambia baba mkubwa yupo nyumbani. Alikuwa ameshushwa na basi njia panda, akatembea mwenyewe. Hakukuwa na barua wala maelezo. Nilifunga ofisi kabla ya saa, jambo nisilopata kulifanya, nikapanda kilima mbiombio, na njiani nikawa nayapanga maneno ya kuomba radhi. Nilidhamiria kupiga magoti mlangoni.

Alikuwa jikoni, mahali pake pale pale, anaota moto. Alikuwa amekonda, na meno ya mbele hayakuwepo. Kivuli changu kilipoingia aliinua macho, akaziona nguo zangu za ofisini, akainuka. Ilimchukua muda kuinuka. Akavua ile kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, akatazama mahali fulani chini ya kidevu changu.

"Shikamoo," akasema.

Nilikisubiri kicheko. Nilikisubiri mpaka mama mkubwa akaacha kupepeta maharage, ungo ukiwa mikononi, akinitazama. Baba mkubwa hakucheka. Alikuwa anangoja, kwa adabu, kama walivyongoja wale wa dirishani.

"Marahaba," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, harakaharaka, kwa sauti ile ya ofisini. Baba mkubwa akabaki amesimama na kofia yake mikononi, akingoja nimwambie akae.